Dobi Aliyepanda Lori la Taka

Dobi wetu ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu na mdomo usiojua likizo. Anaishi ghorofa ya chini na mdogo wake wa kike, na kamba zake za kuanikia zimetanda uwanja mzima wa nyuma, hivi kwamba ukitaka kupita lazima uiname. Wapo wanaosema alizifunga chini makusudi ili tumpe heshima yake. Mimi naamini.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa moshi. Lori la taka la manispaa lilikuwa limetususa, basi watu wakawa wanachoma taka zao nyuma ya jengo, na masizi yanatua kwenye mashuka ya wateja. Mwenye nyumba ya wageni, mteja wake mkubwa, alishamwambia kwamba akiletewa tena mashuka yenye madoa, atatafuta dobi mwingine. Dobi akaenda ofisi za manispaa, akakaa kwenye benchi la wageni mpaka wakachoka kumtazama. Wakamkubalia lori Jumamosi, kwa sharti lijae. Likirudi tupu, asahau.

Akapita mlango kwa mlango. Hakuomba, aliagiza. Mhasibu wa ghorofa ya juu alijitetea kwamba mgongo unamsumbua, akaambiwa mifuko ya plastiki haina uzito. Jumamosi tukatoka wote na mafagio, tukazoa mitaroni, chini ya ngazi na nyuma ya matangi ya maji, na kufikia adhuhuri tulikuwa na rundo refu kuliko mtu.

Tungeishia hapo. Lakini dobi hawezi kuona rundo akaliacha bila kulichambua. Nguo nyeupe kando, za rangi kando, ndivyo alivyozoea. Akatuamuru tuzipange taka uwanjani kwa safu: vyuma huku, mbao kule, vyombo katikati, matambara ukutani. Kisha akaenda barabarani kumwelekeza dereva.

Kosa lilikuwa hilo. Taka zikiwa rundo ni taka, lakini zikipangwa vizuri zinafanana na duka. Fundi baiskeli aliona rimu iliyopinda kidogo tu. Mama wa mapacha akalitambua beseni lake lenye ufa, akasema litafaa kupandia mboga. Mhasibu, ambaye mgongo wake ulipona ghafla, akapanda ngazi na mlango mzima wa kabati. Majirani wawili wakagombea sufuria iliyotoboka. Mimi nilichukua stuli tu, tena yangu mwenyewe, na miguu yake mitatu kati ya minne ilikuwa mizima kabisa.

Dobi aliporudi akilipungia lori mikono, uwanjani palikuwa na mifuko michache na kiatu kimoja. Dereva akashuka, akatazama, akauliza kwa upole kama ameitwa kuja kuchukua kiatu. Akasema ataripoti kwamba amerudi tupu.

Dobi akaiendea ndoo yake ya kufulia chini ya kamba. Akairusha juu ya lori, akakanyaga gurudumu, akajivuta kwa ile mikono yake, akaifudikiza ndoo na kuikalia, ametulia kama abiria aliyeshalipa nauli.

"Mama, shuka," dereva akasema. "Mimi naenda jaani."

"Twende. Majirani zangu wanasema hapa hakuna taka. Basi taka ni mimi."

Dereva akakuna kichwa. Kumpeleka hawezi, kumshusha anaogopa. Sisi tukatazamana, kisha tukatazama chini. Mhasibu ndiye aliyeanza. Alishuka na mlango wake wa kabati. Rimu ikafuata, kisha beseni. Dobi akapokea kila kitu kutoka juu kwa maneno yake: beseni akalipa pole ya kupanda na kushuka ngazi, sufuria akaiuliza kama ilikaribishwa chai. Stuli yangu aliitazama, akanitazama mimi, akasikitika. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ilibaki nafasi nyuma ya kibanda cha dereva. Hapo mdogo wa dobi akatoka ndani, na nyuma yake fundi baiskeli na mhasibu wamebeba friji. Marehemu mume wa dobi alilinunua walipohamia hapa, na lenyewe lilikata roho kabla yake. Tangu amzike, dobi alikuwa akitunza humo mashati yake, yamepigwa pasi.

"Hilo si taka," dobi akasema.

"Dada, leo kila mtu hapa amesema hivyo hivyo."

Hakuna aliyecheka. Dobi akashuka taratibu, akafungua friji, akayatoa mashati na kuyakumbatia. Akapangusa mlango kwa ukingo wa kanga yake. Nilimhurumia sana, na stuli yangu ikanitia aibu.

"Lipakieni," akasema. "Ila lisimame. Mwenyewe hakupenda lilazwe."

Dereva akalisimamisha, akalifunga kamba pande zote, akaondoka polepole.