Watu Arobaini na Watatu wa Sanduku Moja

Umaima hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alifundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Nakuru, wanafunzi wakimwaga soda juu ya kibodi naye akiwatazama tu kwa jicho la pembeni mpaka wapanguze wenyewe. Jioni alirudi kwa mjomba wake Ishak, mtaa wa Bondeni, akajifungia na kompyuta ya mtumba kuandika mchezo wa simu. Ulimchukua miaka miwili. Aliuita Mteremko wa Salgaa: unaendesha lori la viazi kutoka juu ya mteremko ule wa barabara kuu, na ukikanyaga breki kupita kiasi zinaungua.

Alitaka jambo moja tu, mchezo wake uuzwe kwa jina lake. Akapata duka la mtandaoni, la ng'ambo huko, lisilodai kampuni wala wakili. Lilitaka jina na anwani tu. Eti tu! Nyumba namba ngapi, mtaa gani. Bondeni nani ana namba ya nyumba? Ukiulizwa unakoishi, unasema kwenye geti ya kijani, mkabala na kinyozi. Umaima akaandika namba ya sanduku la posta la mjomba pale palipotakiwa namba ya nyumba, na fomu ikakubali.

Sanduku lile lilikuwa la Ishak kwa jina tu. Mzee huyo muuza vitambaa aliliacha litumiwe na nusu ya mtaa, na kila Jumamosi alimwaga barua mezani dukani akaita majina moja moja. Hakumwomba mtu hata asante.

Mchezo ukaingia sokoni Desemba 2007. Siku kumi zikapita, wanunuzi watatu, mmoja wao Nitin mwenye saiba, lile duka la kompyuta za intaneti. Kumbe duka lile lilipanga michezo kwa nyota za sifa, na usiosifiwa ulizama chini kama jiwe. Umaima akalalamika mezani.

"Shida ni watu wa kukusifu?" Ishak akauliza. "Si ungesema mapema!"

Alidhani mjomba anamtania. Mzee wa watu hakujua hata kuwasha kompyuta, lakini harambee aliijua. Bila kumwambia mpwa wake, akaupeleka mtaa mzima kwa Nitin. Nitin akawafungulia akaunti mmoja baada ya mwingine kwenye mashine ileile, kila mtu jina lake na nyota tano, na anwani ya wote sanduku la Ishak, maana ndiyo waliyokuwa nayo. Masinde, fundi viatu wa pale kona, ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote maishani, aliamuru iandikwe: "Huyu msichana namjua. Ana heshima."

Mchezo ukapanda mpaka ukurasa wa pili. Umaima akalia kwa furaha. Hakujua kilichoupandisha.

Siku mbili kabla ya uchaguzi alifungua barua pepe pale saiba. Duka lilikuwa limesimamisha akaunti yake. Watu arobaini na watatu, barua ilisema, hawawezi kuishi nyumba moja na kutumia mashine moja. Wewe ni mtu mmoja umejifanya wengi. Una siku sitini kuthibitisha kila mmoja, kwa picha yake ameshika kitambulisho.

"Nitin! Hawa ni kina nani?"

"Si ni watu wa mzee?" Nitin akasema. "Alisema ni surprise, usijue, Umaima. Mimi nilidhani nasaidia."

Umaima akafika dukani kwa mjomba mbio, buibui limejaa vumbi. Ishak akasikiliza mpaka mwisho, mita ya kupimia kitambaa ikining'inia mkononi.

"Watu arobaini na watatu nyumba moja!" akasema. "Wangelala wapi? Hao wazungu hawana akili? Tulia, mwanangu. Kura ikipita tu, Jumamosi, nikiita barua, wote watakuwa hapa. Utawapiga picha mpaka uchoke."

Kura ikapita. Januari ile ya fujo za uchaguzi Nakuru, aliyekuwepo hahitaji kusimuliwa, na ambaye hakuwepo hataamini. Duka la Ishak lilifungwa, posta haikuendeka, na moshi ulionekana kutoka pande ambazo mtu hakuzoea kuona moshi. Ishak alificha majirani nyuma ya majora ya vitambaa bila kuuliza mtu kabila lake.

Katikati ya Februari, Jumamosi, Ishak akafungua na kuita majina. Waliitika ishirini na sita. Kila jina lililokosa wa kuitika, mzee alilirudia mara mbili, halafu akaguna na kuendelea. Umaima aliwapiga picha waliokuwepo. Baadhi ya aliowajua tangu utotoni walikuwa wameondoka mtaani, naye hata kuagana hakuagana nao.

Akawatafuta waliobaki. Saba aliwakuta kwenye mahema ya waliofukuzwa makwao.

"Kitambulisho, mwalimu?" mama mmoja akamwuliza. "Kiliungua na nyumba. Hii sufuria ndiyo nilitoka nayo."

Wengine tisa walikuwa wamepakiwa malori kwenda vijijini kwa mababu, na ndugu walijua waliko, ila hapakuwa na njia ya kuwapiga picha. Wa kumi na saba alikuwa Masinde. Alitoka asubuhi moja mwishoni mwa Januari kutafuta unga, na hakuna aliyemwona tena. Kibanda chake kilibaki majivu.

Umaima akatuma zile picha ishirini na sita na barua ndefu, ya kweli tupu. Majibu yalikuja siku ya hamsini na nane. Tumepokea uthibitisho wa watu ishirini na sita. Tuko tayari kukufungulia akaunti kwa onyo, ukikiri kwamba majina yafuatayo uliyabuni. Chini yake palikuwa na majina kumi na saba, na kila jina na kisanduku cha kutia alama. Umaima akasoma mara tatu.

"Tia, mwanangu," Ishak akasema, amesimama nyuma ya kiti pale saiba. "Ni mashine tu. Wenyewe wangekwambia utie. Miaka miwili hiyo!"

Akatia. La mama wa sufuria akatia huku machozi yanamtoka, maana juzi tu alikuwa amemshika mkono. Akatia ya wale sita wengine wa mahemani, akatia ya wale tisa. Akafika kwa Masinde, na kidole kikagoma.

"Tia," Nitin akasema polepole.

"Mama yake anazunguka hospitali kila siku akiwauliza watu kama wamemwona," Umaima akasema. "Na mimi niandike hapa hajawahi kuwepo?"

Ishak akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

Umaima akabonyeza kutuma, majina kumi na sita. Fomu ikakataa: jaza nafasi zote. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Akamwambia Nitin azime mashine.