Kompyuta Inayoinama

Kabla sijamsifu Doña Hilaria Calisaya, acha niseme wazi kwamba ni mbishi, haambiliki, na ukimwazima mkasi wako utarudishiwa ukiwa butu. Nimekaa naye kibanda kwa kibanda miaka ishirini na sita kwenye gulio la Alasitas hapa La Paz. Mimi nauza vyeti vidogo vya kila aina: vya shule, vya ndoa, na vya talaka kwa waliochoka. Yeye anauza kompyuta. Huniita komadre kwa kuwa ndiye aliyemshika mwanangu wa kwanza siku ya ubatizo, kwa hiyo haki ya kumsema ninayo.

Kompyuta zake zinaenea kwenye kiganja. Kwetu mwaka hauanzi mpaka ifike tarehe ishirini na nne Januari, saa sita mchana kamili, kengele za makanisa zinapolia. Hapo kila mtu hununua kwa udogo kile anachokitamani kwa ukubwa: nyumba, gari, gunia la unga, hata mume. Unakipeleka kwa yatiri wako, mganga wetu wa kimila, anakifukizia ubani, anakinyunyizia pombe na maua, kisha Ekeko, yule mzee wetu mfupi mwenye masharubu na mizigo mwili mzima, anakuletea chenyewe kabla mwaka haujaisha. Masharti ni mawili tu. Kwanza, kibarikiwe saa ileile ya mchana, si baadaye. Pili, kitu kinunuliwe na mwenzako, akupe. Anayejinunulia mwenyewe hupata, lakini hupata nusunusu.

Hilaria hukata bati la makopo ya maziwa kwa mkasi wa kucha. Ninamwonea wivu kwa vidole vile na sifichi. Kompyuta zake ni zile za kipande kimoja, kioo na mashine ndani ya mwili mmoja, na ukiigeuza utakuta matundu yote ya nyuma, hata lile ambalo hakuna mtu ajuaye kazi yake. Mafundi wengine wanaiga kilichopo dukani. Hilaria anakikosoa. Ana daftari lenye jalada la kijani, na kila mteja akilalamika, yeye huandika. Mwalimu mmoja wa El Alto alitaka kibodi yenye joto, maana asubuhi vidole vyake vinaganda. Mwenye duka la picha alitaka matundu ya flashi yahamie mbele.

"Doña, kila siku napapasa nyuma ya ile mashine kama natafuta yai chini ya kuku."

Fundi mmoja naye aliuliza kwa nini kioo kizima kitupwe kwa sababu tu ya utumbo kufa. Alitaka mgongo ufunguke kama mlango, utumbo mbovu utoke, mwingine uingie. Hilaria aliandika yote, na Januari iliyofuata kompyuta zake za bati zikawa na matundu mbele na mlango mgongoni wa kufungua kwa ukucha. Wenye viwanda hawajawahi kumuuliza kitu. Hasara ni yao.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, shida haikutoka kwa mteja. Ilitoka nyumbani kwake.

Mumewe, Don Anselmo, ni mwandishi wa fomu. Kwa miaka thelathini na mitatu amekaa kwenye ukumbi wa mlango wa nyumba moja ya zamani, mkabala na ofisi za serikali, na taipureta yake juu ya meza fupi. Watu huja na matatizo yao, yeye huyageuza kuwa fomu iliyonyooka. Kazi hiyo imewanyoshea wengi maisha na kumpindisha yeye mgongo. Siku hizi shingo yake hainyanyuki kabisa. Akikusalimia anaangalia viatu vyako. Mimi ananitambua kwa soksi.

Basi ikatangazwa kwamba baada ya Kanivali fomu hazitapokelewa tena kwenye karatasi ya taipureta. Doña Elsa, mwenye nyumba ile, si mtu mbaya, ila hapindi. Alimwambia Anselmo mbele yangu:

"Don Anselmo, nakuheshimu kama kaka yangu. Lakini Kanivali ikipita na hujaiweza kompyuta, kiti hicho nampa yule kijana wa ghorofani. Watu wakija hapa wanataka fomu, hawataki hadithi."

Mkwe wao akaleta kompyuta ya kipande kimoja. Kubwa, ya hidaya, kwa sababu macho ya mzee nayo hayaoni herufi ndogo za zile za kukunja. Tulishangilia. Anselmo akaketi mbele yake, akajaribu kuinua uso, akashindwa. Alichokiona ni ule ukanda mpana ulio chini ya kioo, basi.

"Hilaria," akasema, "hii mashine ina kidevu kizuri sana. Ikiwa ina uso, mtaniambia."

Tulicheka. Yeye pia alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta kifuniko cha taipureta.

Tulijaribu kila kitu. Tulimkalisha juu ya magazeti, goti likagonga meza. Tuliilaza mashine chali, ikateleza. Shingo ya mashine iligoma kuinama mbele; walioitengeneza waliijalia kutazama juu tu, kama bwana harusi. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anselmo alikwishainama tangu zamani, na bado hakukipata. Usiku hakulalamika, aliniambia Hilaria, na hilo ndilo lililomtisha. Mtu aliyekaa kiti kimoja miaka thelathini na mitatu, ukimwondoa, unamwondolea nini kingine?

Kuanzia Oktoba Hilaria alifanya kazi ya kompyuta moja tu. Nyingine alizitengeneza kwa haraka, za kuuza. Hii ilikuwa na shingo ndefu ya vipande viwili, bawaba mbili ndogo kuliko punje ya mchele, na ilikuwa inashuka, inajikunja, inainama mpaka kioo kikamtazama mtu aliye chini. Kidevu alikiondoa. Akaiwekea matundu mbele, mlango nyuma, na kibodi ya herufi kubwa. Ilimchukua miezi mitatu kwa sababu kila ikiinama ilianguka kifudifudi, mpaka alipoibandikia nati ya chuma kwenye mkia wa mguu wake.

"Komadre," aliniambia, "wewe ndiye utakayeinunua saa sita. Uibarikishe, kisha umpe Anselmo."

"Na Ekeko akiileta?"

"Anselmo atabaki kwenye kiti chake."

Siku ilipofika nilimlipa Hilaria sarafu zake dakika kumi kabla ya saa, nikaifunga mashine kwenye kitambaa, nikapenya kwenye umati hadi kwa Don Pánfilo, yatiri wangu wa siku zote. Moshi ulikuwa mwingi mpaka nalia. Kengele zikaanza. Don Pánfilo akachukua ile kompyuta, akaiinamisha, akaiinua, akaiinamisha tena.

"Hii nini?"

"Kompyuta. Fukiza, saa inapita."

"Nimeuza simu na kompyuta pale barabarani miaka minane kabla sijaitwa kwenye kazi hii, mama. Hii haipo."

"Ipo mkononi mwako!"

"Dukani haipo. Sasa ukimwomba Ekeko kitu ambacho hakipo, unamtuma duka gani? Atazunguka mwaka mzima na mzigo wake mgongoni, mzee wa watu. Mimi simfanyii hivyo."

"Fukiza, Pánfilo, au nitawaambia watu wote hapa kuhusu cheti cha talaka ulichonunua kwangu mwaka juzi!"

"Waambie. Mke alikwishaondoka mwenyewe."

Kengele zikanyamaza. Nyuma yangu watu walikuwa wananisukuma na nyumba zao za plasta. Nilirudi na mashine isiyobarikiwa, nikiwa na hasira ya kumpiga mtu kofi, na aibu kubwa kuliko hasira. Hilaria aliniona usoni, akaelewa. Aliketi kwenye kreti yake akalia. Miaka ishirini na sita sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake, na nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Don Anselmo akatokea akitazama miguu ya watu, sahani mkononi: mahindi, maharage mabichi, kiazi na jibini la kukaanga, kama anavyotuletea kila mwaka. Akaona kitambaa kimefunguka juu ya meza. Akaweka sahani chini, akaishika ile kompyuta, akaivuta shingo polepole mpaka kioo cha bati kikawa mbele ya macho yake.

"Hii inanitazama," akasema.

"Haina baraka," Hilaria akajibu huku akipenga kamasi. "Haipo. Hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Ekeko hawezi kuileta."

Sasa mimi nina ulimi usio na breki, mama yangu aliniambia hivyo tangu utotoni. Nilikuwa bado namtukana Pánfilo moyoni, na hasira ile ikamwangukia asiyehusika.

"Komadre, kwani unamsubiri Ekeko wa nini? Hiyo bawaba umeikata kwa mkasi wa kucha! Kubwa ingekushinda nini?"

Akanitazama kama nimemwambia avue sketi hadharani.

"Mimi ni fundi wa vidogo."

"Zidisha kwa kumi!"

Niliona macho yake yanaenda kwenye bawaba, yanarudi kwangu, yanaenda tena. Sisi watu wa vidogo tuna upofu wetu. Tunatengenezea dunia nzima maombi yake, majumba na malori, na hatufikirii kabisa kwamba mkono unaotengeneza ombi unaweza kutengeneza jibu. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alikuwa na wembe mkononi na ndevu zimefika kifuani.

Alianza siku ya pili yake. Aliifungua kompyuta ya mkwe nyuma, chini ya kifuniko, akakuta matundu manne ya bolti, akayapima kwa uzi. Akaiondoa shingo ya kiwandani. Alipata bomba za kitanda cha hospitali kwa muuza vyuma chakavu, akamshikia mchomeleaji taa na kumkosoa mpaka yule kijana akataka kulia. Mchana nilimletea supu, hakuigusa. Vidole vilivyozoea punje ya mchele vilijifunza spana ya namba kumi na saba, na vikavimba.

Siku nne kabla ya muda wa Doña Elsa tuliisimamisha ukumbini. Hilaria akaivuta. Ikashuka vizuri, ikajikunja, ikainama, na meza nzima ikafuata. Niliidaka kwa tumbo langu. Kwenye ile ndogo alikuwa ameweka nati mkiani, lakini nati ya kompyuta nzima utaipata wapi? Tulijaribu matofali, yakawa yanateleza. Tulijaribu gunia la chumvi, likapasuka. Hilaria alikaa chini akasema amechoka.

Anselmo ndiye aliyenyanyuka. Akaichukua taipureta yake kwa mikono miwili, ile ya chuma, nzito kama mtoto wa miaka mitatu, akaiweka juu ya mkia wa mguu. Miguu yake minne ya mpira ikakamata. Hilaria akaivuta shingo. Kompyuta ikainama mpaka usoni pa mumewe, ikatulia.

"Hujambo," Anselmo akaiambia. "Kumbe una uso."

Alijifunza kwa siku nne na kulaani kwa siku nne. Jumanne ya Kanivali, tunapobariki vitu vikubwa tulivyo navyo, Don Pánfilo alikuja bila kuitwa, akaizungushia karatasi za rangi, akainyunyizia pombe. Nilimuuliza imekuwaje.

"Sasa ipo," akasema, na akaomba chupa nyingine.

Asubuhi Kanivali ilipokwisha, Doña Elsa alisimama mlangoni na funguo zake, kijana wa ghorofani nyuma yake. Anselmo hakumtazama, hata angetaka asingeweza.

"Wa kwanza," akaita, kama alivyoita miaka yote.

Hakukuwa na mteja. Hilaria akasogea akaketi kwenye kiti cha wateja, kwa kuwa kila mwaka baada ya gulio huijaza fomu ya kibanda chake, na kila mwaka mumewe ndiye humwandikia. Jina. Mtaa. Namba ya kitambulisho. Vidole vya Anselmo vilitafuta herufi kubwa moja moja, lakini havikukosea, na kioo kilikuwa pale pale machoni pake. Doña Elsa aliangalia mpaka mstari wa tano, akageuka, akamwambia yule kijana arudi juu akalale.

Nilisogea nyuma ya Anselmo kusoma. Fomu zote za zamani nimeziona, najua kila jibu. Kwenye nafasi ya kazi, miaka yote, ameandika "mchuuzi". Safari hii akaandika: "Mbunifu wa kompyuta."

"Umeandika nini hapo?" Hilaria akauliza. Nikamsomea.

"Wewe mzee, futa! Watanicheka ofisi nzima."

"Siwezi," Anselmo akasema. "Mashine hizi mpya hazina cha kufutia."

Asubuhi ileile nilikuwa nimemwona akifuta mara tatu. Nikanyamaza, na mnajua mimi si mtu wa kunyamaza.