Bati Likitoa Jasho Usimtafute Mchawi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, mvua ilininyeshea kitandani. Nje jua linatoka, mbingu haina hata uzi wa wingu, vumbi limelala barabarani, na mimi humo ndani nimelowa sikio. Tone lingine likaja, likanipata kwenye kope. Nikamwamsha mama Deo, nikamwambia inanyesha.

"Kiangazi hiki?" akasema bila kufumbua macho. "Basi itakuwa inanyesha kwako peke yako."

Nalo tone likamdondokea yeye kwenye pua. Tukakaa kitandani tunaangalia juu. Bati zima lilikuwa limejaa matone, yamejipanga kama watu wanaosubiri kuitwa.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya nyasi. Nilipooa nikajenga huku Mollo nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji. Niliringa mpaka nikawa natembea kwa kuinua mabega. Sasa upepo wa Ufipa unaujua. Ikifika mwezi wa sita unapita hapa juu kama una deni na kila mtu. Fundi alikuwa ameacha matundu ya hewa juu ya madirisha, na pale ukuta unapokutana na bati akaacha nafasi. Mimi nikasema huyu fundi kafanya uvivu, hakumaliza kazi. Nikapanda ngazi nikaziba kila tundu. Nikaziba kwa viroba, kwa matambara, kwa udongo. Tundu la mwisho nililiziba na suruali yangu ya harusi, na hilo mama Deo mpaka leo hajanisamehe.

Deo alikuwa mtoto mchanga. Nikasema mwanangu hatapigwa na baridi mimi nikiwa hai. Jiko la mkaa likakaa sebuleni kutwa. Juu yake sufuria kubwa ya maji, wazi, inachemka tu, maana nilijiambia mvuke ni joto la bure. Nepi nazo tukazianika humo humo kwenye kamba juu ya jiko, kwa kuwa nje kuna upepo. Mimi shule niliishia darasa la tano, tukaachana kwa amani. Somo la mvuke nasikia liko darasa la sita.

Basi nikazidisha moto na baridi ikazidi. Gunia la mkaa kwa jirani lilikuwa linakaa, kwangu linayeyuka kama sukari kwenye chai. Blanketi ukilishika unadhani limetoka mtoni. Ukuta wa nyuma ya kitanda ukaota ukungu mweusi, yaani ukuta uliota ndevu kabla yangu. Na Deo akaanza kukohoa. Kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Tukampeleka zahanati, nesi akampa dawa akasema mtoto akae pakavu, apate joto. Mimi kati ya maneno yale nikasikia joto tu.

Ndiyo ikaja asubuhi ile ya mvua ya kitandani. Unajua jina la mji wetu mkubwa hapa Ufipa wazee wanasema maana yake nini: tupa uchawi. Wenzangu wote waliutupa, mimi nikauokota. Maji bila mvua, kiangazi, juu ya kitanda cha mtoto mgonjwa, hiyo itakuwa nini kama si mkono wa mtu? Nikapiga hesabu ya nani. Nikakumbuka mzee jirani yetu, siku moja alipita, akasimama, akaangalia juu, akasema, "Bati zuri." Basi. Ushahidi wangu wote ulikuwa huo. Nikamwambia mama Deo naenda kutafuta mganga upande wa Kipili, nimesikia yuko mmoja mkali.

Mama Deo hakubishana. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni.

"Wewe nenda kwa mganga, baba Deo," akasema. "Mimi nimeshatuma salamu kwa mama. Mtoto akiendelea kulala humu atatutoka. Tunaenda Mpui."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mke akienda kwao na mtoto mgonjwa mgongoni, mwanangu, kurudi si jambo la kuhakikishiwa.

Mama mkwe akaja na basi, ana khanga mpya ya kumbebea mjukuu. Shikamoo, marahaba, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Sasa wewe unajua adabu zetu. Mkwe hakanyagi chumba cha mkwewe wa kiume, wala hatuangaliani usoni ovyo. Na balaa langu lote liko chumbani. Nikaeleza maji yanavyodondoka, macho yangu yako kwenye vidole vyangu vya miguu.

"Mwambie mwenzako mimi humo siingii," mama mkwe akamwambia binti yake. "Aeleze hapa hapa. Yale matundu ya juu ya dirisha yako wapi?"

Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, lakini mama Deo akanigeukia akanipa swali kama mtu anayepiga simu. "Mama anauliza matundu yako wapi."

"Mwambie niliziba."

"Kaziba, mama."

Mama mkwe akaangalia nepi kwenye kamba, akaangalia sufuria inayochemka. Akaomba mfuniko. Akafunika, akawa anampepea mjukuu kwa upindo wa khanga. Baadaye akamwambia binti yake aufunue mfuniko ule anipe mimi mkononi. Nikaupokea, nikaugeuza, maji yakatiririka yote kwenye miguu yangu.

"Muulize mwenzako," akasema, taratibu kabisa. "Huu mfuniko kauloga nani?"

Mama Deo alijaribu kuuliza, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu mtoto augue nilikuwa sijamsikia akicheka.

"Mwambie sijui," nikasema.

"Mwambie nyumba yake ni sufuria," mama mkwe akaendelea. "Bati lake ndio mfuniko. Mvuke wote wa maji, wa nepi, wa pumzi zenu, unapanda, unakuta bati la baridi, unageuka maji, unarudi kitandani. Mjukuu wangu kamtia humo anamchemsha. Na kitu kibichi hakipati moto. Kuni mbichi anazijua? Basi na nyumba mbichi ni hivyo hivyo, utaipa mkaa wa wilaya nzima." "Mimi nakaa mpaka Jumapili. Nyumba ikikauka, namwacha mtoto. Isipokauka naondoka nao wote wawili, na yule mganga atabaki kumpikia."

Mwanangu, sijawahi kupanda ngazi kwa kasi ile. Nilichomoa matambara, nilichomoa viroba, suruali ya harusi ilitoka imeota uyoga. Upepo ukaingia nikasema leo tunakufa. Hatukufa. Jua likipanda tunafungua madirisha ya pande zote mbili, hewa nzito inatoka. Nepi zikaenda nje kwenye jua, na upepo ule ule niliokuwa naulaani ukazikausha kabla sijamaliza kulalamika. Godoro nje. Ukuta tukausugua kwa maji ya sabuni, tukauacha ukauke, kitanda tukakisogeza mbali nao. Sufuria ikahamia jikoni uani, na mfuniko wake.

Jumamosi jioni tuliwasha jiko nje, likashika vizuri, ndio tukaliingiza sebuleni kidogo, dirisha likiwa wazi. Mkaa wa kujaza kikombe. Nyumba ikapata joto mpaka nikavua sweta nikidhani naumwa. Kabla ya kulala tukalitoa nje. Asubuhi nikaangalia juu: bati kavu. Nikaweka sikio kwenye kifua cha Deo, mlango ule ulikuwa umepata mafuta.

Baada ya misa mama mkwe akaifunga ile khanga mpya kiunoni kwake, akamwambia binti yake, "Mwambie mwenzako anisindikize stendi." Nikambebea mzigo wake njia nzima bila kumwangalia usoni, ila nilikuwa natabasamu kama mjinga. Niliporudi nikapita kwa yule mzee jirani nikampa shikamoo ya kuinama mpaka akashangaa. Akaniuliza bati lile nilinunua duka gani, maana naye anataka kuezeka.

Sasa nyie wa siku hizi naona mnajenga na madirisha ya aluminiamu, kioo kinafunga mpaka nzi anakosa pa kupita, na dari ya jipsamu juu. Ni nzuri, sisemi. Lakini maji kwenye kioo asubuhi ni ile ile mvua yangu. Usizibe matundu ya hewa. Ukipika funika, na mvuke uutafutie pa kutokea. Nguo mbichi ni za nje, kama jua lipo usilionee haya. Fungua madirisha mchana hata kama unaona baridi, hewa kavu inapata moto upesi kuliko mbichi. Kitanda na magunia ya mahindi yasiegemee ukuta. Maji ya mvua yachimbie mfereji yasikae kwenye msingi. Ukiweza weka dari, bati lisiangaliane na wewe. Na jiko la mkaa usilale nalo ndani hata siku moja, hata uwe na baridi ya namna gani, maana lile haliondoki na mkaa peke yake, linaondoka na watu. Ukishayafanya hayo, hesabu mkaa wako, mwenyewe utaniambia. Na kabla hujamtaja jirani kwa ubaya, panda kwanza ngazi uangalie uliziba nini.

Mungu akupe nyumba kavu, mwanangu, na mtoto anayelala kifua chake hakisikiki. Na mkweo akija na khanga mpya, arudi kwao mgongo mtupu, amewaacha wote nyumbani.