Divai ya Kutema

Jumanne ya kwanza ya Februari nilimpoteza mama yangu, kule Njombe, mimi nikiwa hapa Muscat nakunja vitambaa vya meza. Sikumwambia mtu. Hotelini kwetu Qurum mama za watu walishakufa mara mbili mbili kwa ajili ya likizo, sasa nani angeniamini mimi? Kilichofuata naona aibu hata kukisimulia.

Jumamosi yake likaja jaribio la divai, wahudumu sita, na atakayefaulu ndiye angepata likizo ya kwanza. Jamani! Nilijiona nimeshasimama kaburini kwa mama.

Mwalimu, mzungu mpole, akatumiminia divai nyeupe, akasema imetoka pwani yenye baridi (mimi pwani niliyoijua ni hii ya kukausha shuka kabla hujamaliza kuzianika), akataka tuizungushe mdomoni tuone uzito wake, kisha tuiteme kwenye ndoo. Kutema! Mama alikuwa mzee wa kanisa, vikombe vya meza ya Bwana aliviosha yeye, na tangu utoto najua divai haitemwi wala haimwagwi. Nikameza. Kosa ndilo hilo, dogo tu.

Mwalimu akauliza ikoje. Kwa Kiingereza changu cha darasa la saba nikasema, "Inateleza kama uji mwepesi, halafu mwishoni kama umelamba chumvi." Akapiga makofi!

"Mama Uji," Achieng, Mkenya wetu, akaninong'oneza, "hiyo likizo ni yako!"

Kwa furaha nikameza ya pili, ya tatu, ya nne (na tangu jana yake sikuwa nimetia kitu tumboni), hata mabaki ya glasi za wenzangu nikayamalizia, maana yangemwagwa.

Mwalimu akauliza divai hii tungempa mgeni gani. Nikasimama. "Mama yangu!" nikasema, nikaanzisha wimbo wa mazishi, beti zote, huku napiga ile ndoo kama ngoma, mpaka ikapinduka na mate yake yote juu ya kanzu nyeupe ya Mzee Nassor, mkuu wa wafanyakazi aliyekaa pembeni kutusimamia, Mwomani aliyelelewa na bibi wa Unguja, mtu asiyegusa pombe hata kwa kidole.

"We mwanamke! Nguo hii ntaswalia vipi?"

"Mama yangu amekufa."

"Lini?"

"Jumanne."

"Mbona hukusema?"

"Hapa mama za watu wanakufa sana, mzee."

Achieng akacheka, halafu akaziba mdomo. Mzee Nassor alikamua pindo la kanzu, akanitazama.

"Inna lillahi. Mlevi hajui kutunga, mwanangu. Kesho njoo ofisini nikusainie, ukamzuru mamako."

Jaribio alifaulu Achieng, na mimi tangu siku ile nikiambiwa tema, natema. Lakini pale, mbele ya wote, nilifungua mdomo nimwambie mzee shukran, ikatoka kwikwi.