Jina la Tisa Ukutani

Mtaani walimwita Mama Herufi. Aliyempa jina hilo ni marehemu mumewe, kwa utani, maana mkewe hakuweza kupita chini ya kibao chenye kosa la maandishi bila kusimama na kusonya. Kazi ya kuandika mabango aliirithi kwa baba yake. Mzee huyo ndiye aliyeandika mabango ya mikutano ya kudai uhuru, kwa rangi nyeusi juu ya mashuka ya kitandani, na mama watoto akanuna wiki nzima kwa ajili ya mashuka yake.

Kwa miaka ishirini na sita, kila sikukuu ya uhuru ilipokaribia, halmashauri ilimwita Mama Herufi apake upya majina ya mashujaa kwenye ukuta wa bustani ya mji. Yalikuwa tisa. Wanane waliuawa na wakoloni. Wa tisa, mwalimu wa shule ya msingi, alitoka hai katika gereza la wakoloni, akaja kufia katika gereza la nchi yake mwenyewe, kwa kosa la kuuliza uchaguzi utafanyika lini.

Mwaka mmoja afisa wa halmashauri, kijana mwenye adabu zake, alimkuta keshasimamisha ngazi.

“Shikamoo, mama. Safari hii ni majina manane. Hilo la mwisho tulipake chokaa tu.”

“Marahaba, mwanangu. Tulipake, wewe na nani?”

“Ni maagizo kutoka juu, mama yangu. Mimi natumwa tu.”

“Huko juu mimi napanda kila mwaka kwa ngazi hii, na sijakutana na mtu.”

Kijana alicheka bila kutaka, kisha akainamia viatu vyake. Mama Herufi akafunika makopo yake, akaondoka. Kesho yake akaletwa fundi mwingine, na jina likamezwa na chokaa.

Kazi ya halmashauri ikaishia hapo, lakini si hilo lililomkosesha raha. Kilichomuuma ni kwamba siku ya sikukuu watu walipiga makofi mbele ya ukuta wenye pengo, na hakuna aliyeuliza.

Wiki iliyofuata hodi ilibishwa mlangoni kwake. Alikuwa Sista, muuguzi mstaafu, binti pekee wa yule mwalimu.

“Nimesikia ulikataa,” alisema.

“Kukataa kwangu kumesaidia nini, mwenzangu? Chokaa si imepakwa?”

“Kumenisaidia mimi. Miaka yote nilidhani namkumbuka peke yangu.”

Wakaenda pamoja kwa diwani. Aliwapa soda, akawaambia kwa upole, “Hayo ni mambo ya zamani, mama zangu. Watu wanataka barabara.”

“Na barabara yenyewe iko wapi?” Mama Herufi akauliza.

Diwani akatabasamu. “Mimi nilipata kura mia tatu na kumi tu, nikashinda. Walionichagua hawajaniuliza habari za ukuta.”

Kura mia tatu na kumi, katika kata yenye maelfu ya watu! Walipofika nje, Mama Herufi alisimama akashika kiuno. “Kumbe anayetutawala si huyu,” alisema. “Ni uvivu wetu.”

Daftari la wapiga kura lilipofunguliwa, wakaanza kupita kila duka ambalo Mama Herufi aliliandikia kibao, na yalikuwa mengi. Walisimulia habari za mwalimu, kisha wakauliza, “Umejiandikisha?”

Kinyozi aliguna. “Kura zenyewe si wataiba, mama?”

“Wataiba ya nani, na wewe hujapiga? Mwizi wa kuku haingii banda tupu.”

Kinyozi akaenda kujiandikisha, kisha akawahubiria wateja wake, na mteja aliye chini ya wembe habishi. Habari zikavuma. Siku moja Mama Herufi akaitwa polisi, akakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri, akiulizwa ametumwa na nani. Aliogopa, lakini kila mara alijibu kwamba hakutumwa na mtu. Walipokosa la kumshtakia wakamwachia. Nje alimkuta Sista na watu kama thelathini, kinyozi akiwa na aproni yake bado shingoni.

Siku ya uchaguzi foleni ilizunguka shule mara mbili. Baada ya kupiga kura watu hawakubanduka mpaka matokeo yalipobandikwa mlangoni. Diwani alishindwa kwa tofauti ya kura arobaini na moja. Aliyemshinda alikuwa mama muuza vifaa vya shule, na hoja yake ya kwanza ilikuwa jina la mwalimu lirudishwe. Katika baraza la madiwani ilipita kwa kura saba kwa tano. Kwa hiyo watano bado hawakutaka.

Mama Herufi, sasa akiwa na miaka sitini na minane, alipanda ngazi huku Sista akiishikilia. Aliandika herufi moja moja, bila haraka. Alipomaliza, Sista aliligusa jina la baba yake kwa kidole, rangi ikamganda, na hakuifuta.

Diwani mpya alikuwepo. Mama Herufi akamgeukia. “Ahsante, mwanangu. Sasa, vikao vyenu mtawafungulia wananchi lini?”

Diwani akacheka, kisha akaona wengine hawacheki. “Alhamisi,” alisema.

Alhamisi hiyo viti vya ukumbi wa halmashauri havikutosha. Kinyozi alisimama kando ya dirisha, na Mama Herufi akainua mkono kuuliza swali la kwanza.