Nilimwambia Daktari Mwanangu Hajanywa Kitu

(Barua hii imetoka kwa mama mmoja wa wilaya ya Kisarawe. Ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumekubali. Mhariri.)

Bwana Mhariri, na ninyi nyote mnaosoma ukurasa huu, nawasalimu. Mimi ni mama wa makamo. Miaka yangu siijui barabara, ila nilizaliwa Wajerumani wakiwa bado wanatawala. Ni mke wa mkulima, huku upande wa Mzenga. Shule sikusoma, nimejifunza juzijuzi tu katika darasa la kina mama, na barua hii naiandika kwa penseli, leo siku ya nne, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Kuna jambo nimelificha miaka kumi na miwili na sasa limenishinda.

Mnamjua yule daktari anayeandika katika gazeti hili kila wiki. Wengine mnampenda, wengine mkisikia jina lake mnatema mate. Kwetu wanaume wanamwita daktari wa wino. Akiandika kwamba mama mwenye mimba naye aachiwe mayai ale, dukani wanacheka kutwa nzima. Akiwasema wakubwa kwa kutuletea dawa zilizokwisha nguvu, wanasema huyu sasa anatafuta kufungwa. Mume wangu husema, "Aliua, akafukuzwa, sasa anatufundisha kupika." Mimi hapo huinamia chungu changu nisionekane uso. Maana huyo mtoto wanayesema aliuawa ni wangu.

Alikuwa wa kiume, miaka miwili, mcheshi, akimwona mtu yeyote anamnyooshea mikono abebwe. Vita vile vya pili vya Wazungu vilikuwa vinakwisha. Homa ilipofika siku ya tatu, mama mkwe wangu alikwenda kuchimba mizizi ya dawa ya mchango wa tumbo, akaichemsha, akamnywesha kikombe kizima, na alfajiri akampa kingine. Alimpenda yule mtoto pengine kunishinda mimi, naapa. Akanipa na mwiko wa dawa: isitajwe mbele ya mtu wa nje mpaka mtoto apone, ikitajwa inageuka. Kila mwanamke wa kwetu anaujua mwiko huo. Mtoto alipoanza kulegea nikambeba mgongoni mpaka Kisarawe, njia nzima nasema naye.

Daktari wakati ule alikuwa kijana, mtu mweusi mwenzetu aliyesomea Uganda, tukimwonea fahari na kumwogopa papo hapo. Alimpima mtoto, akashika sindano, kisha akaiweka chini akaniuliza amekunywa dawa gani ya miti. Nikasema hakuna. Akavuta kigoda, akakaa karibu nami.

"Mama, sitakugombeza," akasema. "Kama kuna kitu tumboni, sindano hii itasubiri. Niambie tu."

"Hajanywa kitu, bwana daktari."

Nilidhani namwokoa mwanangu. Nilikuwa namtazama, naona nikifungua mdomo tu dawa itageuka afe. Akachomwa. Jua halijatua alikuwa amekwisha kufa mikononi mwangu.

Hilo la kwanza naweza kuliita ujinga. La pili sina jina la kuliita. Ukoo wa mume wangu ulikwenda kushtaki, tukaketishwa mbele ya wakubwa. Mzungu akauliza, karani akatafsiri: je, mtoto alipewa kitu nyumbani? Daktari alikuwa amekaa mkabala nami, ananitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa ananingoja niseme. Mwiko ulikuwa umekwisha, mtoto yumo kaburini, hapakuwa na cha kugeuka tena. Lakini mama mkwe alikuwa kando yangu, ameshika pindo la khanga yangu, analia. Nikasema hapana. Wakanipaka wino kwenye dole gumba, nikabonyeza. Daktari akaachishwa kazi, akaondoka Kisarawe hata vitu vyake hakubeba vyote.

Binti yangu ni mwalimu huko Kibaha, ndiye anayetuletea magazeti, na kusoma nimekuzoea kwa makala za daktari huyohuyo. Mwezi uliopita msomaji mmoja alimwuliza kwa nini harudi kutibu watu, na vijiji vimejaa wagonjwa. Nililisoma jibu lake kwa kidole, neno moja moja. Aliandika kwamba aliwahi kumuua mtoto kwa sindano. Kwamba alimwuliza mama wa mtoto na mama akamwambia kweli, kwa hiyo aliyekosea kipimo ni yeye, na mkono wake hauamini tena. Bwana Mhariri, yule mtu alinisadiki. Miaka yote nilidhani ananilaani, kumbe alinisadiki.

Nilikuwa tayari kumfuata Dar es Salaam nikampigie magoti. Lakini siku hiyohiyo binti yangu alimsomea bibi yake makala ile. Mama mkwe sasa haoni, hali ila uji, tena kwa mkono wangu. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nilikuwa na shaka na ile mizizi yangu. Sikupata kukwambia. Sasa mwenyewe amekiri, nitakufa nimetulia." Tangu hapo analala vizuri, hata kucheka anacheka.

Najua daktari naye ataisoma barua hii. Mwanangu alikuwa amekunywa, bwana daktari. Vikombe viwili. Kipimo chako sijui kama kilikosea, wala wewe huwezi kujua, kwa sababu mimi nilikuficha.

Hapa kijijini gazeti haliingii ila kwa mkono wa binti yangu, na lenye barua hii nimemwomba asililete. Lakini barua isiyo na jina haimrudishii mtu kazi yake. Nikienda kusema mbele ya wakubwa, swali la kwanza wataniuliza nani alichemsha, na jioni yake kijiji kizima kitakuwa mlangoni kwa mama mkwe. Nikimngoja afe kwanza, daktari naye anazeeka akijiona muuaji, na kina mama wanaendelea kubeba watoto mgongoni kwenda mbali. Kina mama wenzangu, na ninyi kina baba mlio na huruma, nawauliza kwa moyo wote: kati ya hawa wawili, nimwache nani aumie?