Ukuta Nilioupaka Chokaa

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chai naiacha ipoe kikombeni. Ni siku niliyopaka chokaa ukuta wa chumba cha vielelezo vya mafundi kule Musoma mjini. Niliupaka kwa mikono yangu mwenyewe, tena huku naimba. Jana ulipokuja hapa Bweri kunionyesha karatasi za chama chenu, ukanieleza kwamba wenzako wamekuchagua uwe mkurugenzi, nilikupongeza kwa moyo wote. Lakini ulipofika pale pa sheria mpya, kwamba asiye mwanachama asisikilizwe mpaka ajaze fomu na kamati ikae, niligeukia dirisha. Ukadhani mzee amechoka, ukaaga. Sikuwa nimechoka, nilikuwa nauona ule ukuta.

Kazi yenu naielewa kidogo, usinicheke. Mnaandika programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati. Hamuiuzi. Yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma, kuinakili na kuirekebisha, ili mradi akipata lililo bora awarudishie wenzake. Chama chenu hakimiliki kitu pale, kinawatunza tu wale wanaoitengeneza. Mnaliona jambo jipya, na mimi sipendi kumharibia kijana furaha yake, lakini sisi tulilifanya zamani kwa mbao na mchanga.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni ilipangiwa foleni, sukari ilisimuliwa kama mtu aliyesafiri, na viatu vyetu vilikatwa kwenye matairi. Vijijini mashine za kusaga zilisimama, wala si kwa kukosa mtama. Zilikosa puli, lile gurudumu linalopitishiwa mkanda wa injini. Madukani hazikuwepo, na wanawake wakarudi kwenye jiwe la kusagia kama bibi zao.

Ndipo Mzee Ramadhani, fundi wa pale mjini ambaye babu zake walikuja Musoma na biashara, akachonga puli ya mbao. Akaikandamiza kwenye mchanga, akayeyusha pistoni chakavu na sufuria zilizotoboka, akamimina. Ikatoka puli ya kweli. Mwingine angekificha kile kielelezo chake cha mbao chini ya kitanda. Yeye alikitundika kwenye chumba cha jirani na karakana yake, akatangaza kwamba fundi yeyote, awe wa Bunda, wa Kibara au wa Butiama, aje akinakili. Baada ya muda vikaning'inia vielelezo vya pampu, vya baiskeli, vya majembe ya ng'ombe, kila kimoja kimeletwa na fundi mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Chumba hakikuwa na kufuli. Kilikuwa na sharti moja tu: ukiona kasoro, au ukipata namna iliyo bora, uiandike ukutani kwa mkaa. Asiyejua kuandika alichora. Ukuta ule ukawa mweusi kuliko jiko, umejaa mishale, vipimo vya vidole na alama za mafundi. Kila aliyeingia alisoma ukuta kwanza, ndipo akagusa kielelezo.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na najua kupiga taipu, basi mafundi walipounda chama wakanifanya katibu wake. Nilikuwa na suruali moja ya tetroni na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Cheo ni dhamana, lakini mimi nilikivaa kama shati la sikukuu.

Ikaja barua kwamba wageni wa shirika moja la nje watatutembelea, na wakiridhika huenda wakatuletea mashine ya kuchongea vyuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee Ramadhani alikuwa Bunda kwenye msiba wa dada yake, nami nikaona hii ndiyo nafasi ya kumshangaza akirudi. Nikanunua kufuli. Nikachapa fomu na kadi za uanachama. Nikachongesha muhuri, ili kila puli itokayo kwetu iende na karatasi yenye muhuri na jina langu chini yake. Kisha nikautazama ule ukuta mweusi nikaona aibu. Nilijiambia nitayanakili kwanza yaliyoandikwa. Nilinakili kurasa mbili, mkono ukachoka, na mengine nikayaona ni michoro ya kitoto. Nikachukua brashi.

Siku ya tatu, chokaa bado inanuka, akaja Fundi Masatu wa Kibara. Alikuwa amepanda lori la pamba tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope. Mkononi alikuwa na kipande cha puli kilichovunjika, amekifunga kwenye kitambaa.

"Katibu," akasema, "hii puli yenu inapasukaga hapa kwenye shina. Injini ikikimbia sana, inaachia. Mimi nimeongeza nyama, unene wa kidole kimoja, sasa inakaaga vizuri. Mkaa ninao. Niandike wapi?"

Nikamwambia siku hizi ukuta hauandikwi. Nikamwomba kadi ya uanachama. Hakuwa nayo, na angeipata wapi, kadi zenyewe nilizibuni mimi juma lililotangulia. Nikampa fomu. Akaigeuza huku na huku, maana kusoma kwake kulikuwa kwa shida, akaniomba basi niandike mimi, yeye aseme. Nikamjibu kwamba kamati itakaa wageni wakishaondoka, arudi wakati huo. Mwanangu, nilimjibu hivyo bila kuinuka kitini, na yeye alikuwa ananizidi umri kwa miaka ishirini.

Hakugomba. Aliweka kile kipande mezani. "Basi hii ibaki hapa," akasema. "Itawaambia yenyewe." Akatoka. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha fomu zangu, nikazikandamiza kwa kile kipande chake.

Wageni walikuja, wakausifu usafi, wakapiga picha mbele ya ukuta mweupe, wakaondoka. Hatukuwaona tena wala hiyo mashine.

Mzee Ramadhani aliporudi kutoka msibani, alinusa chokaa kabla hajafika mlangoni. Aliingia, akautazama ukuta toka pembe hadi pembe. Kisha akaona kile kipande juu ya fomu. Alikiinua, akapitisha kidole penye mpasuko, akauliza kimetoka wapi. Nilipomweleza, aliuliza puli ngapi zimetoka tangu Masatu aje. Ilikuwa moja tu, imekwenda kwenye mashine ya kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja mbele ya Butiama. Hakukaa. Tulitoka saa ile ile kutafuta gari.

Tulifika siku moja baada ya jambo kutokea. Mashine ilikuwa kimya na unga umemwagika mlangoni. Mwendesha mashine wao, mama mmoja aitwaye Nyangeta, puli ilikuwa imepasuka mbele yake, kipande kikampiga mkono wa kulia. Tukageuza kumfuata hospitali. Mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, naye ametulia kuliko sisi. Mzee Ramadhani akanisogeza mbele. "Marwa," akaniita, "sema na mama." Nikampa pole tu, nikarudi nyuma. Akasema mama.

"Yule fundi wa Kibara alinipitia. Alisema nisiwashe kwanza mpaka abadili hiyo puli. Mimi nikamwonyesha karatasi, nikamwambia hii iko na muhuri wa Musoma. Wewe unayo nini?"

Kumbe Masatu, nilipomfukuza kwa adabu zangu za ofisini, alikuwa ameshinda siku kadhaa akizungukia mashine za vijijini, anaonya watu kwa mdomo. Na mdomo wake haukufua dafu mbele ya karatasi yangu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba muhuri ule ni wangu mimi. Mzee Ramadhani alisubiri niseme. Nilitazama viatu vyangu vya tairi mpaka muuguzi akatutoa.

Tuliporudi alinipa kipande cha mkaa, akaniamuru niandike ukutani neno la Masatu. Nikaandika. Mstari mmoja, juu ya weupe wote ule.

"Mengine yako wapi?" akaniuliza. "Ukuta huu haukuwa mchafu, mwanangu. Ulikuwa umeandikwa."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi ukuta nilikuwa nao na nyufa zake zote zimeandikwa, nikazifuta. Nilitoa kufuli, nikachoma fomu, lakini mafundi hawakurudi kama zamani. Masatu sikumwona tena. Kila mtu akawa na kielelezo chake nyumbani, na kasoro ya mmoja ikawa siri ya mmoja. Kisha biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, na puli za kigeni zikaanza kuuzwa mchana kweupe. Watu husema ni hizo zilizoua chama chetu. Mimi najua zilikikuta kimeshakufa. Kama tungekuwa bado tunasomana, tungepata kazi nyingine ya kufanya pamoja, maana mikono ilikuwepo na akili zilikuwepo.

Miaka ikapita, nikaoa, nikawazaa ninyi. Majuto ni mjukuu. Siku moja nilipanda gari mpaka kijijini kwa Nyangeta. Nilimkuta anaanika mihogo kwa mkono mmoja, ule wa kulia hauwezi kufumba. Nikamwambia kila kitu, kuanzia chokaa mpaka kile kipande nilichokigeuza cha kukandamizia karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, anageuza mihogo.

"Jina lako lilikuwaga chini ya muhuri," akasema. "Nilikuwa nalisoma kila siku pale mashineni. Na hospitali yule mzee alipokuita, nikakujua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Akanipa mkono wa kushoto. Mtu wa kwetu hampi mgeni mkono wa kushoto, lakini yeye hana mwingine unaoshika, na nililia nikiushika.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na usiitie kwenye faili. Nembo yenu ni nzuri, na sheria chama lazima kiwe nazo. Lakini mtu akija na kasoro ya kazi yenu, hiyo ndiyo zawadi kubwa mtakayopewa, hata kama aliyeileta hajui kuandika vizuri na hana kadi. Inuka kitini. Mwandikie wewe siku hiyo hiyo, mahali ambapo kila mtu anaona, kisha kamati ikae baadaye ikipenda. Ukiona ukuta wenu umejaa lawama, usiuonee aibu mbele ya wafadhili, wasomee. Na jina la chama chenu likishaanza kuaminika, liogope, maana kuna mama mahali fulani atawasha mashine kwa kuliamini hilo jina tu. Ukikosea, na utakosea, usingoje miaka kama baba yako. Nenda wakati bandeji ingali mbichi.

Mungu akubariki katika kazi hiyo, akupe wenzako wasemao kweli na masikio ya kuwavumilia. Na kila atakayefika kwako na vumbi la safari, ameshika kitu kilichovunjika, akukute mlango uko wazi na mkaa uko tayari mkononi mwako.